Turbini Mbili za Kingi

Kingi nzima ililijua neno turbini, na ililijua kwa maana moja tu: gurudumu la chuma la Papa Nzabandora, lile lililofungwa chini kwenye kijito, linalozungushwa na maji na kutoa umeme wa kuchaji simu, kuwasha taa za jirani na kuendesha mashine ya kinyozi wa sokoni. Mtu akisema "turbini imelala," ujue simu zitakufa leo. Akisema "turbini imeamka," utasikia redio zikigombana nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo Kahambu, binti ya Papa Henri mwenye duka, aliporudi kutoka Goma kwa arusi ya dada yake, na shangazi yao akasimama mbele ya wageni na kutangaza, "Huyu mutoto wetu anasomea turbini!", kelele zilizopigwa hazikuwa za mchezo. Wamama walipiga vigelegele. Mzee mmoja alimshika Kahambu mkono na kumweleza kuwa taa ya nyumbani kwake hufifia kila jioni, alitazame jambo hilo kabla hajaondoka. Na kule nyuma, karibu na madumu ya pombe ya ndizi, Papa Nzabandora alishusha kikombe chake polepole, kama mume aliyesikia mtu mwingine akitajwa kuwa bwana wa mkewe.

Kahambu angeweza kuyanyoosha mambo palepale. Ilitosha kusema: hapana, turbini ninayoisomea mimi ni nyingine, hainywi maji, inakula gesi. Lakini alikuwa na ugonjwa wake wa tangu utoto: mbele za watu, sauti humkimbia. Si kwamba hana la kusema. La kusema limejaa tele, ila koo linafungwa kama mdomo wa gunia. Chuoni wenzake walimwita Mama Kimya. Basi siku ile alitazama vidole vya miguu yake, akatabasamu, na uongo ukapita mbele za watu umevaa nguo za arusi.

Kabla mabaki ya arusi hayajaisha, vita vikaikata barabara kule Sake. Lori la maharagwe la Papa Henri liligeuzwa njiani, na wakimbizi wakaanza kupita Kingi na magodoro kichwani. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Huku barabara hufungwa na kufunguliwa kama mlango wa nyumba yenye watoto wengi. Lakini Kahambu alikosa usingizi, maana kazi yake ya kumalizia chuo ilikuwa ndani ya kompyuta aliyokuja nayo, na ilibakiza hesabu moja.

Alipanda kilima cha juu ya kijiji, mahali pekee panapopatikana mtandao, akampigia mwalimu wake, Profesa Straton.

"Kahambu, nimeambiwa umenaswa huko kwenu Masisi," alisema Profesa. "Juri ya walimu imekubali kuwasikiliza kwa simu wote walionaswa. Weye ni kesho kutwa, mchana. Kisha mimi napanda ndege, na mwaka huu sirudi. Hesabu ya tatu iko wapi?"

"Itakuwepo, Profesa."

"Iwepo kweli. Bila ya tatu hauna kazi, uko na nusu ya kazi. Na nusu ya kazi inarudia mwaka."

Simu ikakatika, upepo ukabaki.

Sasa, kazi yenyewe ilikuwa hii. Chini ya Ziwa Kivu kumelala gesi nyingi inayoweza kuwaka. Watu wana ndoto ya kuivuta na kuichoma ndani ya turbini ya gesi, mashine ya ukoo mmoja na injini za ndege. Inavuta hewa, inaisonga, inaipulizia gesi na kuiwasha, na dhoruba ya moto inayotoka inasukuma mapanga yake mpaka umeme unazaliwa. Kahambu aliziona mashine za ukoo huo kwa mara ya kwanza akiwa mdogo, baba yake alipompeleka Walikale. Ndege ilikuja ikatua katikati ya barabara kuchukua magunia ya mawe ya madini, ikainuka tena ikipiga mluzi wa kutoboa masikio, na nyuma yake hewa ikatetemeka, imechafuka. "Ule moshi unaenda wapi, Papa?" aliuliza. "Kwa wenyewe," Papa Henri alijibu. Mtoto alikaa miaka akijiuliza wenyewe ni akina nani, mpaka siku moja akaelewa kwamba wenyewe ni kila anayevuta pumzi.

Kila moto una uchafu wake, na uchafu huo una tabia. Hewani kuna azoti, ambayo wengine huiita naitrojeni, na kuna oksijeni. Hizi mbili hukaa pamoja kama majirani wasiosalimiana. Moto ukiwa mkali kupita kiasi, huwalazimisha kuoana, na watoto wao ni gesi chungu zinazochoma vifua na kurudi chini zikiwa mvua ya asidi. Moto ukipoa mno nao, gesi haiungui yote, na inazaliwa ile hewa ya siri inayowaua watu waliolala na jiko la makala, yaani makaa, ndani ya nyumba iliyofungwa. Katikati kuna njia nyembamba, na Kahambu aliitafuta bila kuwasha kiberiti hata kimoja. Aliujenga moto wake ndani ya kompyuta. Alikigawa chumba cha kuchomea kuwa vijichumba vingi vidogo kama punje za ulezi, na kompyuta ikahesabu katika kila kijichumba joto lake, upepo wake na uchafu wake. Kisha ikarudia tena, na tena, mpaka namba zitulie. Zikitulia, hesabu imekubali. Zikigoma, umeota tu.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya gesi ya ziwa iliyooshwa ikatakata: moto mkali, uchafu mwingi. Ya pili ilikuwa ya gesi isiyooshwa: moto ulizimika. Ya tatu ilikuwa ya katikati, na ndiyo iliyokuwa na maana ya kazi nzima.

Ila betri ya kompyuta ile ilikuwa imekufa zamani. Iliishi tu ikiwa imechomekwa kwenye umeme kama mtoto kwenye titi. Na umeme wa Kingi ulikuwa na mwenyewe.

Papa Nzabandora alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda chake kando ya kijito, akipaka grisi kwenye mkanda. Mkewe, Mama Mukashema, alikuwa akichambua maharagwe. Waya za simu zilining'inia ukutani nyuma yao.

"Karibu, enjinia wa turbini," alisema Nzabandora bila kuinuka. "Umekuja kupima mulango? Siku ya kunifukuza ujue nitapitia wapi?"

"Apana, Papa. Naomba... naomba umeme wa kompyuta."

"Umeme wa muzee asiyesoma? Na turbini yako weye iko wapi? Iwashe!"

"Uache mutoto aseme, Nzaba," alisema Mama Mukashema. "Tangu arusi haulale. Unageuka-geuka kitandani kama muhogo ndani ya mafuta."

"Nilale namna gani? Mutu anasomea turbini, na Kingi iko na turbini moja!"

Kahambu akafungua mdomo, na sauti ikakimbia. Akabaki ameshika kompyuta kifuani, na waya wake unaburuta chini. Mama Mukashema alimtazama, akatazama waya, akafuta mikono kwenye kitenge, akauokota na kuuchomeka mwenyewe ukutani.

Kompyuta ikaamka. Kahambu, kwa kuwa maneno yalimkataa, alifungua picha ya hesabu ya kwanza na kuigeuzia mlangoni. Ulikuwa ulimi wa moto umelala kwa ubavu, buluu pembeni, kijani, manjano, na katikati wekundu uliokolea.

Nzabandora akasimama na mkanda wake mkononi.

"Hii ni nini?"

"Moto, Papa."

"Moto wa wapi?"

"Wa ndani ya turbini. Turbini yangu."

Mzee akainama, akachungulia, akazunguka nyuma ya kompyuta kana kwamba kuna mlango huko. "Na maji iko wapi?"

"Haina maji. Inakula gesi ya ziwa."

Mzee akauweka mkanda chini. Maji ya kijito yalizungumza peke yake.

"Kwa hiyo weye, turbini ya maji..."

"Siijui hata kidogo, Papa. Siku ya arusi niliogopa tu kusema."

Nzabandora alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Mukashema! Umesikia? Mutoto haniibii kazi! Hajui hata musumari moja!"

"Hata moja," alisema Kahambu, na akashangaa kujisikia anacheka naye.

Kuanzia hapo mzee hakumwacha apumue. Wekundu huu ni nini? Buluu ile je? Moto unakaaje umelala? Na Kahambu, mbele ya watu hawa wawili na bakuli la maharagwe, aliona maneno yanatoka yenyewe, kama kuku wanaofunguliwa asubuhi.

"Hapa penye nyekundu njo moto unakuwa mukali zaidi. Hapa njo uchafu unazaliwa."

"Basi upunguze ukali!"

"Njo hesabu ya tatu, Papa. Gesi ya ziwa haitoki peke yake. Inatoka pamoja na mazuku. Watu wanaiosha, mazuku yote itoke. Mimi nataka kuacha kiasi."

Mzee alirudi nyuma hatua nzima. Hakuna mtu wa pande za Goma na Sake asiyelijua neno hilo. Mazuku, ambayo vitabu huiita kaboni dioksidi, ni hewa nzito isiyoonekana, inayovuja kutoka ardhini na kutuama ndani ya mashimo ya mawe ya volkano. Mbuzi akishuka humo kula majani harudi, na mtoto akimfuata mbuzi naye harudi. Watu huteremsha kibatari kwanza. Kikizimika, wanajua imo.

"Mazuku ilikula mbuzi zangu Sake, ile vita ya zamani tulikimbilia kule," alisema Nzabandora. "Kintu kinaua mbuzi, weye unakiweka ndani ya mashini kitusafishie hewa? Namna gani?"

Kahambu alifikiri. Chuoni angeandika fomula. Hapa alitazama mafiga ya Mama Mukashema.

"Mazuku haiwaki, Papa. Iko kama mugeni anayekuja kuota moto yako na hakuleta kuni. Hachangie kitu, lakini joto anakula. Moto unagawa joto na yeye, unapoa kidogo."

"Kama shemeji yangu!"

"Kaka yangu umuache!" alifoka Mama Mukashema, na punje ya maharagwe ikaruka ikampiga mumewe sikioni.

"Iko vile, Mukashema! Shemeji mumoja, moto unapoa kidogo, sawa, tunavumilia. Mashemeji wakijaa nyumba..."

"Unazimika," alisema Kahambu kwa msisimko. "Njo ilizima hesabu ya pili!"

"Basi tutafute mashemeji wa kutosha," alisema mzee, na akaupokea waya wa kompyuta kama mtu anayepokea mtoto wa kubatiza.

Waliianza hesabu ya tatu alfajiri iliyofuata. Pembeni ya picha ya moto kulikuwa na mstari unaoonyesha kiasi gani namba bado zinabishana. Uliposhuka, namba zilikuwa zinatulia. Ukifika kwenye alama ya chini, kazi imekwisha. Kahambu alimweleza Nzabandora hivyo, na lilikuwa kosa la kufurahisha, kwa sababu mzee alimweleza kila aliyeleta simu, na wenye simu hawakuondoka. Ilipofika saa za kwenda shambani, mlango wa kibanda ulikuwa umezibwa na watu kama siku ya mpira.

"Inashuka!"

"Apana, imepanda!"

"Itapanda kidogo, itashuka tena, njo tabia yake," Nzabandora aliwatuliza kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na jambo hilo. "Moto unatafuta mahali pa kukaa. Musisukume mutoto!"

Mstari ulishuka polepole, ukicheza. Kahambu hakula. Mchana ulipogeuka alisikia ukimya wa ajabu nyuma yake, akaangalia nje. Watu hawakuwa wakitazama kompyuta tena. Walikuwa wakitazama upande wa Walikale, ambako mbingu ilikuwa nyeusi kama chungu, na chungu kilikuwa kinakuja.

Kila mtu wa Kingi alijua sheria ya turbini: mvua kubwa ikinyesha, Nzabandora hufunga maji. Kijito kikijaa huleta mawe na migomba mizima, na gurudumu likikutana na mgomba linakuwa chuma chakavu. Akishafunga, hufungua kesho yake jioni, baada ya kusafisha mfereji. Na kesho mchana juri ingekuwa imekwisha kusikiliza na kwenda zake.

"Mutoto," alisema Nzabandora, na hakuwa akicheka. "Hii turbini niliijenga kwa mikono. Ikienda na maji, Kingi yote inalala giza, na sina ingine."

Kahambu alitazama mstari. Ulikuwa umekaribia alama, umekaribia kiasi cha kuonewa uchungu. Watu wote walimtazama. Alilazimisha maneno machache yatoke.

"Umebakia kidogo tu, Papa."

Mzee alitazama mstari, akatazama mbingu, akakuna kidevu. "Sifungue, sifunge," alisema hatimaye. "Nitashika."

Akavua viatu, akashuka mferejini, akaushika kwa mikono miwili ubao wa mlango wa maji. Kazi hiyo huifanya kwa kigingi: ubao uko juu, au uko chini. Sasa aliondoa kigingi na kuwa kigingi mwenyewe. Maji yakizidi ashushe, yakipungua ainue, ili gurudumu lipate tonge lake na lisipaliwe. Shida ni kwamba akiwa kule chini haoni taa. Hajui umeme umezidi au umepungua.

Mvua ikafika kama kokoto zilizomwagwa juu ya mabati. Ndani ya kibanda, balbu iliyoning'inia juu ya kompyuta ikaanza kufifia.

"Aongeze," Kahambu alimnong'oneza Mama Mukashema.

"Ongeza!" alipaaza sauti Mama Mukashema mlangoni.

Balbu ikawaka mno, ikawa nyeupe. "Apunguze," alinong'ona Kahambu.

"Punguza, Nzaba!"

Walienda hivyo, mnong'ono na ukelele, na mstari ukishuka. Kisha kutoka mferejini ukaja mlio wa mbao na sauti ya mzee ikiita jina la mkewe. Mama Mukashema alitupa kitenge chake cha mabegani na kutoka mbio. Mgomba ulikuwa umekuja na maji, na sasa watu wawili walihitajika: mmoja kuusukuma ng'ambo, mmoja kushika ubao. Vijana wawili waliokuja kuchaji simu wakamfuata. Kahambu akabaki mbele ya kompyuta na umati uliolowa, na balbu ikaanza tena kufifia, ikawa ya rangi ya chungwa, ikawa ya rangi ya kutu.

Alifungua mdomo. Hewa ilitoka tupu.

Kioo cha kompyuta kikapepesa mara moja, kama jicho la mtu anayesinzia.

"Ongezaaa!"

Ilikuwa sauti yake. Ilimshtua yeye kabla ya kuwashtua wengine, sauti nene, pana, ya mwanamke anayeita mtu kutoka mlima wa pili. "Ongeza, Papa! Ongeza! Hapo! Ushike hapo! Punguza kidogo! Hapo hapo!"

Umati ukadaka na kurusha mbele: hapo hapo, hapo hapo! Balbu ikatulia. Mstari ukashuka, ukasita, ukateleza, ukagusa alama, na kompyuta ikaandika neno lake dogo la kumaliza. Picha mpya ya moto ikajichora. Ulikuwa ulimi uleule umelala ubavu, ila wekundu ule mkali wa katikati ulikuwa umekwenda. Palibaki rangi ya embe lililoiva. Kahambu aliinamia namba. Zile gesi chungu zilikuwa zimepungua mpaka chini ya nusu. Hewa ya siri ya makala ilikuwa imeongezeka kidogo tu. Moto ulikuwa hai.

Alibonyeza mahali pa kuhifadhi, akasubiri, akahakikisha, akazinakili namba kwenye simu yake, kisha akatoka nje kwenye mvua na miguu mitupu.

"Imekubali! Funga, Papa! Imekubali!"

Ubao ukaanguka kwa kishindo. Gurudumu likazunguka, likachoka, likalala, zima, bila hata jeraha. Papa Nzabandora alipanda kutoka mferejini ametapakaa matope mpaka kwenye nyusi.

"Mashemeji wanatosha?" aliuliza.

"Wanatosha kabisa!"

Kesho yake mchana kilima cha mtandao kilijaa kuliko kanisa. Kahambu alikuwa ametuma namba zake asubuhi kwa simu, na alitaka kuitetea kazi yake peke yake, nyuma ya mti wa mkaratusi. Lakini simu yake ilikuwa na kilema: sikio lake lilikuwa limekufa, ikabaki spika tu, ile inayolia kwa kila mtu. Na watu walioshinda na mvua jana hawakuwa tayari kuambiwa matokeo na mtu mwingine. Mbali, kwenye bonde la kuelekea Sake, kulisikika ngurumo zisizo za mvua. Hakuna aliyegeuza shingo.

Alisoma maelezo yake ya mwanzo vizuri. Kisha sauti ya Profesa Straton ikajaza kilima.

"Namba nimezipata. Ni nzuri sana, na mimi namba nzuri sana ninaziogopa. Kompyuta inaweza kumdanganya mtu bila kupepesa. Kahambu, utueleze kwa nini uchafu umepungua. Bila fomula. Nataka nijue kama umeelewa, ao umebonyeza tu."

Swali lilikuwa jepesi. Alilijua jibu lake kuliko jina lake. Lakini aliiona juri yote kichwani, miwani na tai, na watu wa kilimani wamemkodolea macho, na koo likafunga gunia lake.

"Allô? Kahambu? Uko kwenye mtandao?"

Mtu alikohoa. Mama Mukashema alishika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Kama hakuna jibu, tutaandika kwamba..."

"Weye Kahambu!" Papa Nzabandora hakuweza kuvumilia tena. Alijisukuma mbele, amekunja uso. "Kusema kweli nilikubali tu juzi, lakini haijaniingia vizuri. Kintu kiliua mbuzi zangu, namna gani kinasafisha hewa? Unieleze tena!"

Kahambu alimtazama. Matope ya jana bado yalikuwa kwenye nyusi zake. Alimgeukia, akaipa simu kisogo, akamjibu yeye.

"Ni kwa sababu haiwaki, Papa. Mazuku ni mugeni asiyeleta kuni. Anakaa ndani ya moto, anakula joto, na moto unashuka kutoka pale penye ukali. Azoti na oksijeni vinaoana tu penye ukali. Ukali ukiondoka, arusi inakufa. Uchafu hauna wazazi tena."

"Na ulijuaje kompyuta haikudanganye?" aliuliza mzee.

"Niliipima kwanza kwa moto wa kweli, moto mwingine ambao watu waliupima ndani ya maabara. Nikaona hesabu yangu na vipimo vyao vinalingana. Baada ya hapo njo niliiamini na gesi yetu."

"Samahani," ilisema sauti mpya katika simu, ya mtu wa juri aliyetoka Kinshasa. "Mazuku ni nini?"

Kilima kizima kilimjibu kwa pamoja, kila mtu na mbuzi wake, na ilichukua muda Profesa kupata nafasi.

"Hao ni akina nani, Kahambu?"

"Ni... ni watu wa umeme, Profesa."

Kicheko kilisikika kule upande wa pili. "Basi swali la mwisho. Ukiongeza mazuku zaidi ya hapo?"

"Moto unazimika!" walipaaza sauti watu wa umeme.

"Nimemuuliza Kahambu!"

"Unazimika, Profesa," alisema Kahambu, na sasa alikuwa ameirudia simu na sauti yake haikuondoka. "Lakini kabla ya kuzimika unaanza kutoa ile hewa ya makala inayoua watu ndani ya nyumba. Mutu akiangalia azoti peke yake, atafurahi na ataendelea kuongeza. Njo sababu nilihesabu vyote viwili. Dawa iko katikati, na njia yenyewe ni nyembamba."

Juri ikaomba dakika zake za kushauriana. Watu walichuchumaa. Papa Nzabandora alitembea mbele na nyuma kama baba nje ya chumba cha uzazi. Mtandao ulipotea, ukarudi, ukapotea, mtu akaiinua simu juu ya kichwa chake, akapanda jiwe, na sauti ya Profesa ikashuka kutoka juu kama ya mtu aliye mtini.

"Kahambu, kazi imekubaliwa, na alama ya juu. Uko enjinia. Lakini kuna sharti. Ile sentensi ya mugeni asiyeleta kuni uiandike ndani ya kitabu, kabla ya fomula. Imeeleweka?"

Hakuna aliyesikia kama alijibu. Vigelegele vilianzia kwa Mama Mukashema na kushuka kilima kabla ya watu wenyewe. Papa Henri aliacha duka wazi akaja anakimbia, bila kujua hata anakimbilia nini, na alipofika aliambiwa na watu wengi kwa wakati mmoja asielewe neno, akacheka tu na kumkumbatia binti yake.

Walimkuta Nzabandora ameshatangulia kijitoni, ndani ya mfereji, anatoa mawe. Jua lilipokuwa linaelekea kulala aliinua ubao. Gurudumu likajinyoosha, likazunguka, balbu ikawaka, na kutoka kijijini redio zikaanza ugomvi wao.

"Turbini imeamka!" alipiga kelele mtu aliyepita na magunia.

Nzabandora aliinua kichwa, akamtazama Kahambu aliyekaa mlangoni pa kibanda na kompyuta mapajani, kisha akamjibu yule mpita njia kwa sauti ya kuumizwa.

"Ipi? Semaka vizuri! Ya maji ao ya mashemeji?"